Kuchuja Njia Ndani ya OSPF: Pa Kuweka Kichujio, Amri Zake na Yanayoharibika

Mtu aliyezoea itifaki za njia za BGP au RIP akiingia kwenye OSPF, itifaki nyingine ya ruta kupashana njia, hutafuta amri ya kumzuia jirani mmoja asipate njia fulani. Haipo, na sababu yake imo kwenye muundo wa itifaki yenyewe. BGP na RIP hupelekeana njia zilizokwisha kuhesabiwa. OSPF hupelekeana vipande vya ramani, yaani LSA, kisha kila ruta hujihesabia njia zake kwa SPF, yaani hesabu ya njia fupi zaidi. Kanuni ya RFC 2328 ya mwaka 1998 ni kwamba ruta zote za eneo moja lazima ziwe na hifadhidata inayofanana. Ukiondoa kipande kimoja cha ramani kwa ruta moja, hesabu zake zitapishana na za wenzake, na pakiti zitaanza kuzunguka au kupotea.

Kwa hiyo kichujio hukaa sehemu tatu tu: kwenye ABR inayounganisha maeneo mawili au zaidi, kwenye ASBR inayoingiza njia za nje, na ndani ya ruta moja, kati ya hifadhidata na jedwali lake la njia. Kabla ya kugusa amri yoyote, amua kazi yako ni ya sehemu ipi. Vichujio vingi "visivyofanya kazi" viko kwenye ruta isiyohusika, ingawa amri yenyewe imeandikwa sawasawa.

Mifano hapa inatumia mtandao huu: eneo 0 lina 10.0.0.0/16, eneo 1 lina 10.1.0.0/16, na eneo 2 lina 10.2.0.0/16. R2 na R3 zote mbili ni ABR za eneo 1, R4 ni ABR ya eneo 2, na R5 iliyo eneo 0 ni ASBR inayoingiza njia za 172.16.0.0/16. Amri ni za Cisco IOS. Mwishoni kuna tofauti za mifumo mingine.

Hatua ya 1: Ijue njia unayotaka kuizuia

Nenda kwenye ruta inayoiona njia hiyo, uandike:

```
show ip route 10.1.50.0
show ip route ospf
```

Herufi zilizo mwanzoni mwa mstari ndizo zitakazokuelekeza:

- `O` peke yake: njia ya ndani ya eneo lilelile, imetokana na LSA za aina ya 1 na 2. Tangazo lake halizuiliki ndani ya eneo. Unachoweza ni kuizuia isiingie kwenye jedwali la ruta moja, au kupanga upya mipaka ya maeneo.
- `O IA`: njia ya eneo jingine, LSA ya aina ya 3. Huchujwa kwenye ABR.
- `O E1` au `O E2`: njia ya nje, aina ya 5. Huchujwa kwenye ASBR iliyoiingiza.
- `O N1` au `O N2`: njia ya nje ndani ya NSSA (eneo lisilopokea aina ya 5 ila linaweza kuwa na ASBR yake), aina ya 7. Huchujwa kwenye ASBR yake, au kwenye ABR inapogeuzwa kuwa aina ya 5.

Kisha mtafute aliyeitangaza:

```
show ip ospf database summary 10.1.50.0
```

Soma mstari wa `Advertising Router`. Kwenye ruta ya eneo 0 ya mtandao wetu utaona LSA mbili za prefiksi hiyohiyo, moja ya R2 na nyingine ya R3. Hapo umeshajua kuwa kichujio kitawekwa kwenye ruta mbili.

Hatua ya 2: Andika orodha ya prefiksi kabla ya kuiunganisha

Tumia `prefix-list`, achana na ACL (orodha za ruhusa za anwani) za kawaida. ACL ya kawaida huangalia anwani ya mtandao tu, haitofautishi 10.1.0.0/16 na 10.1.0.0/24.

```
ip prefix-list ENEO1-KUTOKA seq 5 deny 10.1.50.0/24
ip prefix-list ENEO1-KUTOKA seq 100 permit 0.0.0.0/0 le 32
```

Mstari wa pili ndio unaosahaulika. Mwisho wa kila orodha kuna katazo lisiloandikwa: kisichoruhusiwa kimekataliwa. Halafu `le 32` si pambo. `permit 0.0.0.0/0` ikiwa peke yake inalingana na njia ya msingi tu, kwa hiyo prefiksi nyingine zote zitaanguka.

Kutaka mtandao mzima na vipande vyake, andika `10.1.48.0/20 le 32`. Kutaka vipande tu bila ile /20 yenyewe, andika `10.1.48.0/20 ge 21`. Acha nafasi kati ya namba za mfuatano ili kesho uweze kuchomeka mstari bila kuandika upya orodha nzima.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Ukiunganisha kichujio kwanza kisha ukaanza kuandika orodha mstari kwa mstari, ule wa kwanza wenye `deny` unaweza kukata kila kitu papo hapo, kwa kuwa katazo la mwisho tayari lipo na ruhusa hujaiandika. Orodha ikamilike, uihakiki kwa `show ip prefix-list`, ndipo uiunganishe.

Hatua ya 3: Kuchuja kati ya maeneo kwenye ABR

```
router ospf 1
 area 1 filter-list prefix ENEO1-KUTOKA out
```

Maneno `in` na `out` hapa hayahusu intafesi wala jirani, yanahusu eneo lililotajwa. `area 1 ... out` maana yake ni matangazo ya aina ya 3 yanayotokana na eneo 1 kwenda maeneo mengine. `area 2 ... in` ni matangazo ya aina ya 3 yanayoingizwa eneo 2, yametoka eneo lolote.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kichujio kikae ruta gani. Ukitaka 10.1.50.0/24 isionekane popote nje ya eneo 1, weka `area 1 ... out` kwenye R2 na R3. Ukitaka eneo 0 liendelee kuiona ila eneo 2 lisiione, iache R2 na R3, nenda R4:

```
ip prefix-list ENEO2-KUINGIA seq 5 deny 10.1.50.0/24
ip prefix-list ENEO2-KUINGIA seq 100 permit 0.0.0.0/0 le 32
!
router ospf 1
 area 2 filter-list prefix ENEO2-KUINGIA in
```

Kichujio kikiwekwa R2 peke yake, R3 itaendelea kutangaza, na njia itabaki kwenye majedwali kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba trafiki yote ya prefiksi hiyo sasa inapita R3. Hakuna kengele italia. Utagundua siku R3 inapozimika, prefiksi inapotoweka ghafla huku R2 ikiwa nzima.

Njia ya pili ya ABR ni kuuzuia mtandao mzima pamoja na vipande vyake kwa mstari mmoja:

```
router ospf 1
 area 1 range 10.1.48.0 255.255.240.0 not-advertise
```

Hii ni safi pale anwani zilipopangwa vizuri. Mipaka yake ni kwamba hushika tu njia za ndani ya eneo lililotajwa. Kwenye R4 huwezi kuandika `area 0 range 10.1.48.0 ...` ukitegemea izuie njia za eneo 1 zilizopitia eneo 0; kwa R4 hizo si za ndani ya eneo 0, ni `O IA`.

Ukichanganya muhtasari na `filter-list`, kuwa macho. Tuseme R2 na R3 zina `area 1 range 10.1.0.0 255.255.0.0` na pia ile orodha inayokataza 10.1.50.0/24. Muhtasari wa /16 utatoka mradi angalau kipande kimoja chake kimeruhusiwa na orodha. Matokeo yake 10.1.50.0/24 haionekani kwa jina, lakini pakiti za kwenda 10.1.50.7 zinafika bila wasiwasi kwa kufuata /16. Vivyo hivyo kama eneo 2 lina njia ya msingi. Kuchuja njia si ukuta wa usalama. Kama lengo ni mtu asifike kwenye seva, weka ACL kwenye intafesi au ukuta wa moto.

Hatua ya 4: Njia za nje, ASBR ndiyo mahali pake

`filter-list` haigusi aina ya 5. LSA hizo husambaa mtandao mzima wa OSPF bila ABR kuzihariri, isipokuwa kwenye maeneo ya stub (yasiyopokea njia za nje) na NSSA. Kwa hiyo zizuie pale zinapozaliwa, R5:

```
ip prefix-list NJE-RUHUSA seq 5 permit 172.16.0.0/20 le 24
!
route-map STATIC-KWENDA-OSPF permit 10
 match ip address prefix-list NJE-RUHUSA
 set tag 500
!
router ospf 1
 redistribute static subnets route-map STATIC-KWENDA-OSPF
```

Ni vizuri orodha ya hapa itaje kinachoruhusiwa, tofauti na ile ya ABR inayotaja kinachokatazwa. Mtu akiongeza njia ya `static` ya majaribio usiku, haitasambaa mtandao mzima kwa bahati mbaya.

Neno `subnets` liandike hata kama toleo lako linaliweka lenyewe. Kwenye matoleo ya zamani, bila neno hilo, ni mitandao ya madaraja kamili tu inayoingizwa, na utapoteza saa nzima ukilaumu route-map isiyo na kosa.

Route-map na prefix-list zikikutana, kila moja ina `permit` na `deny` yake, na hapo watu wengi huchanganyikiwa. Ndani ya prefix-list, `permit` maana yake "imelingana". Hatima ya njia iliyolingana inaamuliwa na neno lililo kwenye route-map. Ukitaka kukataza 172.16.9.0/24, orodha iwe na `permit 172.16.9.0/24` na route-map iwe `deny 10`, ikifuatwa na `permit 20` isiyo na `match`. Prefix-list yenye `deny` ndani ya route-map yenye `deny` haikatazi kitu. Njia hiyo inahesabika kuwa haijalingana, inaendelea kwenye mstari unaofuata.

Zipo njia mbili fupi zaidi kwenye ASBR. `distribute-list prefix NJE-RUHUSA out` chini ya `router ospf` huchuja njia zinazoingizwa kutoka nje. Ukiiandika kwenye ruta isiyo ASBR, amri inakubaliwa na haifanyi chochote. Ya pili ni `summary-address 172.16.8.0 255.255.252.0 not-advertise`, ambayo pia hufanya kazi kwenye ABR ya NSSA inayogeuza aina ya 7 kuwa aina ya 5.

Pale ruta mbili zinapobadilishana njia kati ya OSPF na EIGRP (itifaki nyingine ya njia) kwa pande zote mbili, usitegemee prefix-list peke yake. Njia iliyotoka EIGRP itaingia OSPF kupitia ruta ya kwanza, kisha itarudi EIGRP kupitia ya pili. Tumia lebo (`tag`), na usanidi huu uwe uleule kwenye ruta zote mbili:

```
route-map EIGRP-KWENDA-OSPF deny 10
 match tag 110
route-map EIGRP-KWENDA-OSPF permit 20
 set tag 90
!
route-map OSPF-KWENDA-EIGRP deny 10
 match tag 90
route-map OSPF-KWENDA-EIGRP permit 20
 set tag 110
!
router ospf 1
 redistribute eigrp 100 subnets route-map EIGRP-KWENDA-OSPF
router eigrp 100
 redistribute ospf 1 metric 100000 100 255 1 1500 route-map OSPF-KWENDA-EIGRP
```

Njia iliyoingia OSPF ikitoka EIGRP ina lebo 90, na yeyote anayetaka kuirudisha EIGRP ataikataa. Prefiksi mpya zikiongezeka huna haja ya kuhariri chochote.

Hatua ya 5: Kubadili aina ya eneo

Kama eneo 2 halihitaji njia za nje hata moja, kuchuja moja moja ni kujichosha. Ligeuze kuwa stub:

```
router ospf 1
 area 2 stub
```

Andika kwenye ruta zote za eneo hilo. Kwenye ABR peke yake ongeza `no-summary` ikiwa hutaki hata za aina ya 3. ABR itaingiza njia ya msingi badala yake. Ruta moja ikisahauliwa, alama ya E kwenye Hello haitalingana na ujirani hautafungika. Zinapobadilishwa moja baada ya nyingine, ujirani utakatika kwa muda, kwa hiyo panga saa ambayo watumiaji ni wachache, anza na ruta ya mbali kabisa ukirudi kuelekea ABR, la sivyo utajifungia nje.

Kama ndani ya eneo kuna ASBR, tumia `area 2 nssa`. NSSA ya kawaida haipewi njia ya msingi yenyewe. ABR inahitaji `area 2 nssa default-information-originate`, au `no-summary` ambayo huileta.

Hatua ya 6: `distribute-list in`, kwa tahadhari kubwa

```
router ospf 1
 distribute-list prefix SITAKI in
```

Hii haizuii LSA yoyote. LSA inaingia kwenye hifadhidata, inasambazwa kwa majirani, SPF inaihesabu. Kinachozuiwa ni njia kuingia kwenye jedwali la ruta hii moja.

Chukua eneo 2 lenye ruta zilizopangana R4, R7, R8. Umeweka kichujio R7 kukataa 10.1.20.0/24. R8 haijui habari hizo. Kwenye ramani yake njia fupi ya 10.1.20.0/24 inapita R7. Inatuma pakiti. R7 haina njia, inazitupa. Kama R7 ina njia ya msingi kuelekea R4, pakiti zinapita na kichujio hakina kazi. Kama njia ya msingi ya R7 inaelekea R8, pakiti zinarudi zilikotoka na kuzunguka hadi TTL iishe. `traceroute` itaonyesha anwani mbili zikipokezana hadi mwisho.

Itumie kwenye ruta ya pembeni isiyopitisha trafiki ya ruta nyingine, au kwa kulinganisha lebo kwenye ASBR ili isijaze jedwali lake njia zilizoingizwa na mwenzake. Kwenye ABR iache, kazi hiyo ina `filter-list`.

Ukikutana na `ip ospf database-filter all out`, jua kwamba inazuia LSA zote kutoka kwenye intafesi hiyo, haichagui prefiksi. Na kama tatizo lako ni mamia ya viunganishi vya kati ya ruta na ruta kwenye jedwali, huhitaji kichujio. `Prefix-suppression` chini ya `router ospf`, iliyoelezwa kwenye RFC 6860, huficha prefiksi hizo huku ramani ikibaki nzima.

Mitego miwili inayochelewa kuonekana

Wa kwanza ni anwani ya kupelekea. LSA ya aina ya 5 inaweza kubeba anwani ambayo pakiti zipelekwe huko badala ya kwa ASBR yenyewe. Zinazotoka NSSA kwa kawaida hubeba anwani hiyo. Ruta ikipokea LSA ya namna hii, huikubali tu ikiwa anwani hiyo inafikika kwa njia ya OSPF ya ndani ya eneo au ya kati ya maeneo. Ukiwa umechuja prefiksi yenye anwani hiyo kwenye ABR, njia zote za nje zinazoitegemea hutoweka kwenye majedwali, ilhali LSA zake zinaonekana vizuri kwenye hifadhidata. Angalia hivi:

```
show ip ospf database external 172.16.4.0
```

Kama `Forward Address` si 0.0.0.0, uliza `show ip route` ya anwani hiyo. Dawa ni kuiruhusu kwenye orodha, hata kwa muhtasari wake, au kuweka `area 2 nssa translate type7 suppress-fa` kwenye ABR. Lakini anwani ikiwa 0.0.0.0, kuchuja loopback ya ASBR hakuzuii njia zake za nje, kwa sababu ASBR hutafutwa kwa kitambulisho chake kupitia LSA ya aina ya 4, ambayo `filter-list` haiigusi.

Mtego wa pili ni loopback za /32. iBGP (BGP ya ndani ya mtandao mmoja) hutegemea anwani hizo kama kituo kinachofuata, na LDP (itifaki inayogawa lebo za MPLS) kwa kawaida hudai prefiksi ileile hasa kwenye jedwali. Ukizichuja au kuzifunika kwa muhtasari, OSPF itaonekana salama kabisa huku huduma za MPLS zimekatika. Ziweke juu kabisa ya orodha, mfano `seq 1 permit 10.0.255.0/24 ge 32`.

Mifumo mingine

FRRouting ina `area 0.0.0.1 filter-list prefix JINA in` na `range ... not-advertise` kama zilivyo. Badala ya `distribute-list in`, tumia `ip protocol ospf route-map JINA`.

Kwenye Junos sera ya `import` ya OSPF hushika njia za nje tu. Kwa aina ya 3 kuna `network-summary-export` na `network-summary-import` chini ya eneo, na mwelekeo wake humchanganya aliyetoka Cisco: `export` ni zinazoingizwa kwenye eneo hilo, `import` ni zinazotokana na eneo hilo kwenda mengine. Amri ya muhtasari ni `area-range` yenye `restrict`. RouterOS 7 ina `/routing/ospf/area/range` yenye `advertise=no`.

Kuweka na kuhakiki

Kwenye ruta ya mbali, kabla ya kubadilisha chochote hifadhi usanidi, kisha andika `reload in 10`. Ukijifungia nje, ruta itajiwasha upya baada ya dakika 10 na usanidi wa zamani. Mambo yakienda sawa, `reload cancel`, na usihifadhi kabla ya kuhakiki.

Hakiki kwenye ruta ya mwisho, si ile uliyoisanidi. ABR yenyewe itaendelea kuiona 10.1.50.0/24, R2 na R3 kama `O`, R4 kama `O IA` ikiwa kichujio ni chake peke yake, na hilo ni sahihi. Kwenye R8 endesha `show ip ospf database summary 10.1.50.0`. Ukiwahi, utaikuta LSA ikiwa na umri wa `MAXAGE(3600)`. ABR inaiondoa kwa kuitangaza upya ikiwa na umri wa mwisho, haisubiri saa moja ipite. Ikiwa bado ina umri mdogo, R4 bado inaitangaza; kama kichujio ni cha R2 na R3, rudia amri hiyo kwenye ruta ya eneo 0 usome `Advertising Router`: hiyo ndiyo ruta uliyoisahau. Kisha rudi kwenye ABR uone kama mistari ya orodha inahesabu:

```
show ip prefix-list detail ENEO1-KUTOKA
```

Mstari wa `deny` wenye hesabu ya 0 maana yake prefiksi uliyoandika hailingani na iliyopo, mara nyingi ni urefu wa barakoa, umeandika /24 na mtandao halisi ni /25.